Jino la Kifuniko cha Ndoo

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Assalamu alaikum, shemeji Bahiya. Wazima huko Kipini? Na goti lako? Nakuandikia siku kwa siku, kurasa zikijaa nitakutumia. Sisi hapa Minjila wazima, ila jino langu la mbele limeng'oka. Na mimi ndiye muadhini! Leo alfajiri adhana imetoka na mluzi. Mahmud, anayeitamani nafasi yangu siku nyingi, kauliza mbele ya watu nani ameacha birika jikoni. Wakacheka! Imamu kasema mluzi ukibaki hadi Ijumaa, ataadhini Mahmud. Miaka kumi na tisa naadhini mimi! Thubutu.

Jumanne, 7 Oktoba

Garsen, kwa daktari wa meno. Kasema wapo wataalamu wanaoboresha plastiki ya meno ya kupandikiza. Wanaichanganya na unga unaofanana na mfupa, iwe ngumu, taya liikubali. Bado wanajaribu, nisubiri. Nisubiri! Plastiki ninayo, kifuniko cha ndoo. Mfupa ninao, wa mbuzi niliyemchinja mwenyewe kwa bismillahi. Hao wataalamu wana uhakika huo?

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeyeyusha kifuniko, nimetia unga wa mfupa, nimekoroga. Mke wangu Hawo kalalamika kwamba sufuria ile ni ya wali. Moshi! La kwanza limetoka kama kwato. La tatu, mashaallah, jino! Nimelipachika kwa gundi ya viatu. Nimelijaribu kwa maziwa, uji, na Yasin nzima. Kimya, halitikisiki.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeadhini bila mluzi! Mahmud kanuna. Baada ya swala mzee Dadacha akatuita kwake tutafune buni, punje za kahawa zilizokaangwa kwa samli. Baraka hiyo haikataliwi. Samli ya moto ikalegeza gundi, jino likadondoka bakulini, likazama. Bakuli likapita kwa Mahmud. Nilitaka kusema, wallahi, ila kinywa kilijaa. Ka! Jino lake la mbele, vipande viwili.

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo imamu kaadhini mwenyewe. Kasema sote wawili twende kwa daktari kwanza. Hawo ananiambia nitubu. Nitubu nini? Jino langu nimelirudisha, halina hata mkwaruzo. La Mahmud ndilo lililovunjika! Sasa nani ameboresha? Kosa ni la gundi tu. Nimeshamtengenezea Mahmud la kwake, kwa thawabu, ingawa ananifukuza mlangoni. Shemeji, nitafutie gundi ya kuzibia mashua. Nijibu upesi, tafadhali, kabla ya Ijumaa.