Hotuba ya Kuzindua Mradi wa Kuikutanisha Seva na Printa

Ndugu Mwenyekiti wa shughuli hii. Ndugu Makamu wa Mwenyekiti, ambaye naona umekalia kiti cha Mwenyekiti. Waheshimiwa Wakuu wa Vitengo vyote, vikiwemo vitengo ambavyo bado vinatafutiwa kazi. Ndugu Mtunza Stoo. Ndugu Mlinzi wa Geti Kuu na mwenzako wa geti dogo. Wadau wa maendeleo. Wananchi mliokaa, wananchi mliosimama, na wananchi mliopanda ukutani, ambao nawaomba mshuke (kicheko). Bwana Harusi, Bibi Harusi, na Mama Mzazi wa Bibi Harusi. Na Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kuwa hakutokea, ni mimi mwenyewe, Mkurugenzi wa idara hii ya vyeti. Kama kuna niliyemsahau, basi ajihesabu yumo. (Makofi.)

Nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kifani, furaha ambayo wataalamu wangu wameipima na kuikuta imepanda kwa asilimia sitini na nne ikilinganishwa na kipindi kama hiki mwaka jana, ili kuzindua rasmi Mradi Jumuishi wa Kuikutanisha Seva na Printa, kwa kifupi MJUKUSEPRI, mradi ambao katika nyanja za strateji, inovesheni, kapasiti bildingi na impakti kwa mwananchi wa kawaida, hauna mwenzake ndani ya jengo hili. (Makofi. Mtu anapuliza filimbi.)

Kwa faida ya wasiojua, na hadi majuzi mimi nilikuwa mmoja wao ingawa nilikuwa natia saini bili zake: seva ni ile kompyuta kubwa iliyofungiwa kwenye kachumba kando ya stoo, inayonguruma mchana kutwa kama inadai haki yake. Yetu inaendeshwa na Yuniksi. Yuniksi ni programu, si jina la mtu, kama nilivyodhani nilipoagiza aitwe ofisini kwangu ajieleze. (Kicheko kirefu.) Mnacheka, lakini barua ile ya wito ilikuwa na namba ya kumbukumbu.

Ndani ya seva hiyo ndimo mlimo ninyi nyote: aliyezaliwa, aliyeoa, aliyeolewa. Karani akibonyeza, seva inaiambia printa, printa inatoa cheti, mwananchi anakwenda zake. Ndivyo tulivyoishi miaka minne. Kisha Jumatatu moja, siku ishirini na tatu zilizopita, seva ikaacha kuiona printa. Karani anabonyeza, kimya. Anabonyeza tena, kimya. Foleni ikatoka dirishani, ikapita varanda, ikazunguka tangi la maji, ikarudi ikajikuta. (Sauti: "Mimi nilikuwa pale kwenye tangi!")

Pole sana. Lakini idara yangu haikulala. Tulikaa vikao kumi na kimoja. Tuliunda kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, na kamati ndogo, nasema hili kwa fahari, iliomba chai. Printa ilifutwa vumbi mara tisa. Waya ulibadilishwa, kisha tukaurudisha ule wa zamani kwa kuwa ulikuwa mrefu zaidi. Seva ilizimwa na kuwashwa mara hamsini na tatu, na ukilinganisha na ile mara moja ya mwanzo utaona ni ongezeko la asilimia elfu tano na mia mbili. Naomba makofi kwa takwimu hiyo. (Makofi machache.)

Sasa niwaambie kuhusu hawa wawili waliokaa pale mbele wakishikana mikono kama wanaogopa upepo. Jumatatu ileile, saa nne asubuhi, walifunga ndoa dirisha namba mbili. Bwana harusi ni mchomeleaji wa mageti. Mnamwona, ana mikono kama koleo. Bibi harusi ni fundi wa kompyuta, ana kibanda chake ng'ambo ya barabara. Waliapa, wakatia saini, karani akabonyeza. Hakuna kilichotoka.

Hapo mama mzazi akasimama kwenye varanda, mkoba kwapani, akasema: "Nimemlea binti huyu miaka ishirini na sita. Simtoi kwa maneno ya dirishani. Nione cheti, chenye stempu, ndipo aondoke na mumewe."

(Mama mwenyewe, kutoka mstari wa mbele: "Na ningerudia leo!" Vigelegele.)

Tumekusikia, mama. Bwana harusi akaenda kulala kwa kaka yake, kwenye kochi fupi, miguu ikining'inia kuanzia magotini, na kila asubuhi mke wa kaka yake alikuwa akimuuliza, "Shemeji, cheti bado?" Kila mchana alikuja hapa na kofia yake ya kuchomelea, akakaa kwenye benchi la idara, mkewe akaja na bakuli la chakula, wakala pamoja, mke na mume halali kabisa, mama akiwa amekaa katikati. (Kicheko.) Siku ishirini na tatu, ndugu zangu. Mlinzi wa geti dogo alianza kugeuza uso wakifika.

Mtauliza, na wengine mmeuliza kwa sauti isiyo na adabu: kama binti ni fundi, kwa nini hakuitengeneza? Alijitolea siku ya pili tu. Tukamjibu kwamba yeyote anayetaka kuisaidia idara hujaza fomu ya kuomba kusaidia. Fomu hiyo, kwa bahati mbaya, ilikuwa inasubiri kuchapwa.

Jana saa tatu asubuhi akapita kaunta bila kupanga foleni, akasimama mbele yangu.

"Mheshimiwa, nionyeshe seva ilipo."

"Binti, kuna utaratibu."

"Utaratibu umenipa mume wa kuonana naye kwenye benchi. Naomba ufunguo."

(Vigelegele. Mtu: "Mpe!")

Nilimpa. Kule kachumbani akageuza ndoo akaikalia, akachomeka skrini na kibodi, akaandika amri inayoitwa pingi. Pingi ni kupiga hodi: seva inagonga kwa printa, na printa ikiwepo inaitika. Alipiga hodi mia moja. Hapa naomba takwimu zisipotoshwe: hodi zilizotumwa, asilimia mia, huo ni ufanisi kamili. Zilizoitikiwa, sifuri. Hilo ni suala la printa, si la idara.

"Basi printa imekufa," nikasema, kwa huzuni ya kiutawala.

"Twende tukaone maiti," akasema.

Tukapanda ghorofa ya pili, ofisini kwangu, ambako printa ilikuwa imekaa chini ya dirisha, mbele ya pazia. Akaunganisha kompyuta yake ndogo kwenye soketi iliyo kando ya ile ya printa, akapiga hodi. Printa ikaitika palepale.

"Mzima kabisa huyu," akasema. Kisha akageuka. "Printa hii imekuwa hapa siku zote?"

Ndugu wananchi, kuna maswali ambayo kiongozi huyajibu papo hapo, na kuna maswali ambayo huyaundia kikosi kazi. Nilikuwa bado nateua wajumbe wa kikosi kazi, mhudumu wa ofisi alipojibu kutoka mlangoni bila kuulizwa: "Si tuliibeba mimi na wewe, Mzee? Ile Jumatatu asubuhi. Ulisema unapigwa picha ya kalenda, nyuma yako paonekane kisasa."

(Kicheko kinachodumu. Mwenyekiti anagonga meza. Makamu wa Mwenyekiti anacheka kwenye kiti cha Mwenyekiti.)

Tulieni. Binti hakunicheka. Alinieleza polepole, kama unavyomweleza mtu aliyekalia miwani yake mwenyewe. Kila printa ina anwani, namba, kama namba ya nyumba. Ilipokuwa chini ilikuwa na namba ya huko chini. Nilipoipandisha kwangu ikachomekwa kwenye mtandao wa ghorofani, ule uliotengwa kwa ajili ya wakubwa, ikapewa namba nyingine. "Seva haikuambiwa," akasema. "Siku ishirini na tatu inabisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe alishahama."

Niseme ukweli, niliionea huruma seva. Nilitaka kuiandikia.

Bwana harusi, aliyekuwa ametufuata na kofia yake, akasema ataibeba printa airudishe chini kwa mkono mmoja. Nikalazimika kumkatalia. Picha ya kalenda ilikuwa bado haijapigwa. (Mtu: "Aibu!")

Tukashuka. Binti akafungua faili lenye anwani, akafuta namba ya zamani, akaandika mpya. Akapiga hodi. Sifuri.

"Bado?" akauliza mama kutoka koridoni.

"Bado, mama. Nyumba imeshaijua, njia ndiyo haijui."

Maana kati ya mtandao wa chini na wa ghorofani kuna kisanduku kidogo chenye taa zinazopepesa, ambacho nilikuwa nakitundikia koti. Binti akaiambia seva: ukitaka kwenda juu, pitia kwenye kisanduku hiki. Mstari mmoja tu. Akapiga hodi tena, na hodi ikarudi! Nyingine ikarudi! Nilikuwa nazihesabu kwa sauti, na nilipofika saba nikajikuta nimenyanyuliwa hewani na bwana harusi, mara yangu ya kwanza kuacha sakafu tangu niteuliwe. (Makofi makubwa.)

Tukakimbilia juu, mimi, mama, mchomeleaji, karani, mhudumu. Printa kimya. Inaitika hodi, haichapi. Bwana harusi akakaa sakafuni, akafunika uso kwa ile kofia ya kuchomelea, na ndani yake nikasikia sauti ya mtu mzima akinong'ona, "Lile kochi, Mungu wangu, lile kochi."

Binti akapiga kelele kutoka chini, kupitia ngazi: "Seva ilijaribu mpaka ikachoka, ikafunga foleni yenyewe! Naifungua! Mheshimiwa, karatasi zipo?"

"Zipo!"

"Nyingi?"

Swali hilo sikulielewa mapema.

Ndugu wananchi, kila kitu mlichokuwa mmebonyezewa kwa siku ishirini na tatu kilikuwa kinasubiri mle ndani, kwa mpangilio wa kuwasili. Na wa kwanza kuwasili, Jumatatu ile, nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeagiza kuchapa wasifu wangu, kurasa tisa, na ulipochelewa nikabonyeza tena. Nilibonyeza mara arobaini. (Kicheko.) Zikatoka kurasa mia tatu na sitini za maisha yangu, zikajaza meza, zikamwagika sakafuni, zikafika mlangoni. Mama akaokota moja, akasoma, akaniuliza: "Hapa umeandika una upeo. Upeo wa nini?" Swali hilo, mama, hadi sasa nalifanyia kazi.

Kisha vyeti vikaanza. Karani akafungua dirisha, akawa anasoma kwa sauti watu wakiwa uani: "Baba wa mapacha! Viwili!" Baba wa mapacha akaruka juu ya ua. "Fundi viatu! Mwanao wa mwisho!" Watu walikumbatiana na watu wasiowajua. Mtunza stoo, ambaye kwa miaka kumi sijamwona akionyesha meno, alicheza na mlinzi wa geti kuu, na geti likabaki wazi. Na katikati ya shangwe hiyo printa ikakohoa, ikawasha taa nyekundu, ikasimama. Karatasi zimekwisha. Cheti kilichokuwa kinafuata kilikuwa cha hawa wawili.

Karatasi mpya hutoka stoo kwa saini yangu. Sikuunda kamati. Nilitia saini juu ya mgongo wa bwana harusi, palepale, kwa kalamu ya kuazima, na nasema mbele yenu kwamba ndiyo saini pekee ya mwaka huu niliyojua inakwenda wapi.

Karatasi zikaja, cheti kikatoka. Kilikuwa na joto kama mkate. Binti alikuwa ameshapanda ngazi, anahema. Mama akavaa miwani, akasoma jina la binti herufi moja moja, akasoma la mkwe, akakigeuza nyuma, akakirudisha mbele.

"Stempu."

Stempu nikaitoa kwenye droo. Kidau cha wino kilikuwa kimekauka. Nikaipulizia pumzi mara tatu, hivi, hah, hah, hah, nikagonga. Ikashika.

Mama akakibana cheti kifuani. Alilia kidogo, akajifuta na ncha ya kitambaa, akamwambia mchomeleaji: "Haya, mwanangu. Mchukue mkeo. Jumapili mje tule, na mara hii sitakaa katikati." (Vigelegele virefu. Bibi harusi anaficha uso. Bwana harusi anasimama, anakaa, anasimama tena.)

Kwa moyo huohuo basi, naomba tupaze sauti. Seva!

(Umati: "Iione printa!")

Printa!

(Umati: "Itoe vyeti!")

Mkurugenzi!

(Watu wanatazamana. Mama wa bibi harusi: "Asiguse kitu!" Umati unarudia mara tatu.)

Nimeupokea ujumbe huo kama changamoto chanya. Kwa kumalizia, niwashukuru kwa dhati wahandisi kumi na wawili wa MJUKUSEPRI, ambao wangekuwa nasi leo kama wangekuwa wameajiriwa. Namshukuru Meneja wa Mradi, ambaye nafasi yake tutaitangaza. Nawashukuru wadau waliouunga mkono, pindi watakapousikia. Na kipekee kabisa namshukuru katibu muhtasi wangu, ambaye jana saa kumi jioni, ninyi mkiwa bado mnacheza uani, alinishauri kwamba jambo kubwa namna ile haliwezi kupita bila kuwa na mradi, nasi tukautafutia jina haraka kabla ya kufunga ofisi. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Sasa nakata utepe. Haujafungwa kwenye kitu chochote, kwa hiyo naomba mtu mmoja anishikie upande ule.