Herufi Hii Hatukufundishwa

Jumatatu, 2 Septemba 1974. Kibondo.

Bwana Stanislaus, mkuu wa kituo chetu cha kisomo cha watu wazima, ametangaza mambo mawili asubuhi hii. La kwanza, nafasi ya karani mkuu iko wazi. La pili, padre mmoja wa Kasulu anatupatia taipureta, kwa hiyo atafutwe mtu wa kuifuata. Nimeyaunganisha hayo mawili kabla hajafunga mdomo. Atakayeshika mashine mpya atashika cheo. Nikanyanyua mkono kwa nguvu hadi shati likachanika kwapani.

Makarani tuko wawili tu. Mimi, Felisiani, niliyesomea Tabora miezi sita na kuhitimu kupiga chapa bila kutazama vidole. Na Mwajabu wa Ujiji, ambaye hupiga kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa mtama, macho yameganda mashineni. Nani karani mkuu hapo? Sina haja ya kujibu.

Mwajabu alisema niende salama, ila niijaribu mashine kabla sijaibeba. Wivu ukimzidi mtu hugeuka ushauri.

Jumatano, 4 Septemba. Kasulu na kurudi.

Safari juu ya lori la maharage. Kwenye kizuizi cha mbung'o walilikagua lori kutafuta nzi hao, kisha wakanikagua na mimi. Nilifika mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi soksi.

Padre Cleophas ni mtu mwema, lakini anaongea sana. Alinieleza kwamba mashine ilikuwa ya Wabelgiji ng'ambo ya mpaka, na kwamba mpangilio wa herufi zake si ule wa kwetu. Akaniuliza kama ningependa kupiga mistari miwili mitatu. Nikamwambia kwamba fundi haijaribu mashine, mashine ndiyo humjaribu fundi. Akaifunika mashine. Nadhani alivutiwa.

Mashine yenyewe? Nyeusi, inang'aa, ina kengele tamu. Nimeipakata njia nzima kama bibi harusi. Mapaja yamekufa ganzi.

Alhamisi, 5 Septemba.

Asubuhi nimeketi mbele ya watu wote. Bwana Stanislaus alisimama nyuma yangu. Mwajabu naye. Nikatazama dirishani, kama tulivyofundishwa, nikapiga kwa kasi: Ndugu wananchi, maendeleo ya mwaka 1974. Kengele ikalia. Nikaichomoa karatasi kwa mbwembwe na kumkabidhi mkuu bila kuisoma.

Aliisoma yeye. Ilikuwa imeandikwa: Ndugu zqnqnchi; ,qendeleo yq ,zqkq &çè'.

Bwana Stanislaus aliuliza hiyo ni lugha gani. Nikamjibu kwamba mashine imechoka na safari.

Baadaye nimeichunguza peke yangu. Wabelgiji! Mahali pa A wameweka Q. Mahali pa W wameweka Z. M wameifukuza kutoka kwa jirani yake N, wakaitupa mwisho wa mstari, na kiti chake wamempa mkato. Tarakimu hazitoki mpaka uziombe kwa kibonye cha kupandishia. Watu waliotawala nchi nzima, wameshindwa kupanga alfabeti.

Ijumaa, 6 Septemba.

Nimepata ufumbuzi! Vibonye vina vifuniko vyenye herufi, na vifuniko vinabanduka kwa ncha ya kisu. Nimejifungia ofisini wakati wa chakula. A nikaiweka kwa Q, Q kwa A. Z na W nikazibadilishana. M nikairudisha nyumbani kwake. Nimejikata kidole mara mbili na kukosa maharage, lakini mashine sasa inasomeka sawasawa kama ya Tabora.

Nikapiga: Wananchi.

Ikaandika: Zqnqnchi.

Nimebadilisha kibao cha barabarani. Kijiji kimebaki kule kule.

Jumatatu, 9 Septemba.

Nikikwama mimi, Mwajabu naye akwame. Nilimwendea kwa sauti ya upole, nikamwambia, Dada Mwajabu, nimetafakari, si haki mimi kukalia kitu kipya na wewe kitu kikuukuu, tubadilishane. Akasema ahsante.

Nilikaa kwenye mashine ya zamani kungoja furaha yangu. Ikaja mara moja. Alitafuta A kwa kile kidole chake, akaidonoa, ikatoka Q. Nikakohoa ili nisicheke. Akadonoa tena. Q. Akainama, akakwaruza kifuniko kwa ukucha, akaona alama za kisu. Akavuta mkasi kwenye droo. Dakika kumi, vifuniko vyote vikarudi vilikowekwa na Wabelgiji. Kisha akaendelea kudonoa, macho kwenye mashine, na barua ikatoka safi kama sahani ya msikitini siku ya Idi.

Bwana Stanislaus aliiinua kwenye mwanga. Akasema mashine imempata mwenyewe.

Mwenyewe? Nani aliipakata kutoka Kasulu? Nilisimama nikadai mashine yangu irudishwe. Nilisema mengi kuhusu Tabora. Mkuu akasema vizuri, nirudishiwe, na pamoja nayo nichukue kazi ya vyeti. Wanakisomo thelathini na sita wanahitimu Jumamosi, kijijini Kasanda, mbele ya mgeni rasmi. Fomu za vyeti zimekuja thelathini na sita kamili. Hakuna ya kuharibu. Nikifanya vizuri, alisema, suala la karani mkuu litajimaliza.

Mwajabu aliniachia kipande cha karatasi juu ya mashine. Kimeandikwa: Tazama vidole vyako. Nimekikunja nikakiweka chini ya mguu mfupi wa meza. Meza imetulia. Kumbe ana faida.

Jumatano, 11 Septemba.

Kabla sijaanza, ameingia mwanamke mmoja na kikapu cha maharage kichwani. Jina lake Kezia Kwizera. Alivuka mpaka miaka miwili iliyopita, wakati wa yale mauaji ya kule ng'ambo, sasa analima Kasanda. Ndiye wa kwanza darasani. Alisema duka la ushirika la kijiji linatafuta muuzaji anayejua kusoma, na kamati inataka kuona cheti chake Jumatatu. Akaomba kunitajia jina lake herufi moja moja, nisikosee. Nikamwambia kwamba hapa kuna mtaalamu. Akalitaja hivyo hivyo. K. E. Z. I. A. Akaniachia vikombe viwili vya maharage. Nimeyapokea kwa niaba ya ofisi.

Sasa mbinu yangu. Sitatazama vidole, ng'o, hiyo ni kazi ya kuku. Nitavifundisha vidole kudanganya. Nikitaka A, nipige mahali pa Q. Nikitaka Q, nani anaitaka Q? Nikitaka W, nipige Z. Nimekariri njia nzima kutoka nyumbani. Bibi mmoja akanipisha barabarani.

Vyeti kumi vya kwanza: safi! Esteri safi. Melkiadi safi. Nilijiona nimeketi tayari kwenye kiti cha karani mkuu.

Ijumaa, 13 Septemba.

Tatizo la vidole ni kwamba vina kumbukumbu zao. Jana baada ya ugali vilirudi Tabora bila kuniaga. Nami nilikuwa nimekaza macho kwenye orodha ya majina, kama inavyotakiwa na taaluma. Nilipotazama kazi, penye jina la mkuu nikakuta Stqnislqus. Nikashtuka, nikaanza kugeuza mara mbili mbili, na vile nilivyovigeuza mara mbili vikarudi kuwa vibaya. Leo nimehesabu. Vilivyo salama kumi na tatu. Ishirini na vitatu vimeugua. Yupo I,,qkulqtq. Yupo ?elkiori. Yupo Kewiq Kziwerq.

Fomu nyingine hakuna. Mwajabu amepita, akauliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia kwamba msaada ni kwa wenye shida.

Lakini akili haijawahi kunitupa. Hawa wamejua kusoma juzi. Mtu wa namna hiyo hupokea cheti kama anavyopokea mtoto mchanga, kwa mikono miwili, bila kumkagua masikio. Nimeviviringa vyote, kimoja kimoja, nikavifunga kwa uzi mwekundu wenye fundo la mara tatu. Mpaka fundo lifunguke, mgeni rasmi atakuwa ameshavuka kizuizi cha mbung'o. Bwana Stanislaus ameviona. Amesema vimependeza sana.

Jumamosi, 14 Septemba. Kasanda.

Nitaandika kwa ufupi.

Uwanja wa shule ulijaa. Ngoma, hotuba, maji ya kunywa ya mgeni rasmi peke yake. Vyeti vikagawiwa. Wakavipokea kwa mikono miwili, wakavikumbatia. Mafundo yakashika. Nikaanza kupumua.

Ndipo mgeni rasmi akasema angependa kumsikia mhitimu mmoja akisoma chochote. Wakamsukuma Kezia mbele. Bwana Stanislaus akawa anatafuta kitabu. Kezia akasema hana haja ya kitabu, karatasi anayo. Akalikata fundo langu kwa meno! Mara tatu nimelifunga, mara moja amelikata.

Alisoma vizuri, kwa sauti, akifuata kwa kidole. Hii ni kuthibitisha kwamba Ndugu. Akasimama. Akarudia. “Ke. Wi.” Akasimama tena. Akageuza karatasi, akaigeuza tena. Kisha akamtazama mwalimu wake na kusema wazi, uwanja mzima ukasikia: “Mwalimu, herufi hii hatukufundishwa.”

Basi. Meno thelathini na matano mengine yakaingia kazini. Wakaanza kusoma wote kwa pamoja. Mzee mmoja aliuliza kwa nini jina lake linaanza na swali, je, serikali ina mashaka naye? Mama Immakulata alipiga kelele kwamba ameingizwa mikato miwili tumboni. Wale kumi na watatu wenye vyeti salama wakawa wanawasomea wenzao makosa yao.

Mgeni rasmi alicheka mpaka akafuta machozi. Akatangaza kwamba hajawahi kuona kisomo kilichofaulu namna hii, watu wanasoma hata kisichosomeka. Kisha akamgeukia Bwana Stanislaus na kuuliza aliyepiga chapa ni nani.

Nilikuwa nimeshafika nyuma ya choo cha shule.

Jumatatu, 16 Septemba.

Kezia amefika ofisini mapema kuliko mimi. Amekwenda kwenye kamati ya duka. Wamemwambia kwamba Kewiq hawamjui, aliyeomba kazi ni Kezia. Wamempa mpaka jioni.

Nikamwambia anakuza mambo, ni herufi chache tu. Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Alisema polepole, “Mana yanje, Mungu wangu, Bwana Karani. Nilivuka ule mto wa mpakani sina sufuria, sina godoro, mume nimemwacha kule amelala chini. Nilichovuka nacho ni jina. Sasa wewe umelifanyaje?”

Nilipanga makaratasi ambayo yalikuwa yamepangwa.

Mwajabu alinyanyuka, akamvutia kiti, akamwita mama. Akachukua wembe, akakwangua cheti taratibu, herufi kwa herufi, bila kutoboa. Akakiingiza katika mashine yangu ya Kasulu. Akatafuta Z. Akaidonoa. Akatafuta A. Akaidonoa. Kidole kimoja kinatafuta. Ilichukua karibu robo saa. Kezia alikisoma cheti mara mbili, mara ya pili kwa midomo tu. Akakifunga kwenye pindo la kanga na kuondoka karibu akikimbia.

Saa tisa zimekuja habari. Kazi ya duka ameipata.

Naomba ieleweke kwamba bila kosa langu asingesoma mbele ya mgeni rasmi, na bila kusoma nani angemjua? Hilo nimemweleza Bwana Stanislaus. Amenisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia karani mkuu ni Mwajabu, kuanzia leo, naye ataendelea kukwangua vile ishirini na viwili vilivyobaki. Na mimi ninahamishiwa Kasulu, stoo ya chaki na taa za karabai.

Mwajabu hakucheka. Alinipa mkono, akanitakia heri. Nimeona wazi kwamba ndani alikuwa anacheka.

Alhamisi, 19 Septemba. Kasulu.

Stoo. Chaki nyeupe makasha manne, za rangi kasha moja. Nimemaliza kazi saa tatu asubuhi.

Lakini Mungu hamwachi mja wake. Nimesikia kwamba posta wanatafuta mtu wa simu za maandishi. Nikapeleleza. Kule hakuna alfabeti ya Mbelgiji wala ya Mwingereza. Hakuna vifuniko, hakuna Q ya kujificha. Kuna nukta na kistari, basi! Vitu viwili! Mtu mwenye akili zake atachanganyaje vitu viwili?

Nimeazima jedwali lao, nimelikariri kwa nusu siku. Na ili postamasta ajue anashughulika na mtu wa aina gani, barua yangu ya maombi nimeiandika yote kwa nukta na vistari, kurasa mbili. Kwenye jedwali wanasisitiza kuacha nafasi kati ya herufi na herufi, eti zisichanganyike. Ubadhirifu wa karatasi. Nimezibana zote pamoja, mstari mmoja mrefu safi, na nimeipeleka leo hii kwa mkono wangu mwenyewe.