Tuta Lililolionea Gari Langu

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Mtaa,

Yahusu: Tuta la kwenye njia ya kutokea, na mateso linayolipa gari langu la michezo

Salamu sana. Natumaini wewe, kamati yako na lile tuta lenu hamjambo, hasa tuta, maana kati yenu wote ndilo pekee linaloonekana kazini kila siku.

Mimi ni yule fundi cherehani wa nyumba yenye geti la kijani. Kama umesahau, ndiye niliyekubadilishia zipu ya suruali asubuhi ya mkutano mkuu huku wewe ukisubiri nyuma ya pazia. Sikusimangi. Nataka tu ujue kwamba tumetoka mbali.

Kama mtaa mzima unavyojua, mwaka jana nilitimiza ndoto yangu ya siku nyingi: nilinunua gari la michezo, la milango miwili, kwa daktari wa meno mstaafu. Yeye hakuwa na haja nalo tena tangu lilipoacha kuwaka. Lilivutwa kwa kamba hadi uani kwangu, likiwa bado na kimo chake cha kuzaliwa, nami nikaanza kuliboresha kwa kadiri ya mfuko wangu. Bawa la nyuma nililitengeneza kwa ubao wa meza ya kupigia pasi. Viti nimevishona upya mwenyewe kwa masalio ya vitambaa vya sare za shule, na nasema bila aibu kwamba mishono ile huipati hata kiwandani. Rangi nyekundu ilitosha upande wa kulia tu. Upande wa kushoto ni damu ya mzee, lakini hakuna mtu anayetazama gari pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Mwisho shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ni fundi wa magari, aliliwasha, kisha akalishusha. Kuna vifaa maalumu vya kushushia gari, vinavyouzwa kwa watu wasioshona suruali za watu kujipatia riziki. Shemeji alitumia msumeno. Alikata springi zote nne, gari likakaa chini vizuri kabisa, na majirani wenye wivu wakalipa jina la Kandambili.

Baada ya utangulizi huo, malalamiko yangu ni haya:

1. Tuta lina ubaguzi. Lori la mchanga linapita. Gari la taka linapita, siku likikumbuka kuja. Pikipiki yenye magodoro manne inapita, na aliyekaa juu ya magodoro anapunga mkono. Gari zuri kuliko yote mtaani ndilo pekee linalozuiwa. Mtaa wetu una njia moja tu ya kutokea, na hapo hapo ndipo mlipolilaza tuta. Mtu mwenye roho nyepesi angefikiria mengi.

2. Tuta linaongezeka kimo. Hili nina ushahidi nalo. Jumamosi iliyopita nilikwenda na futikamba yangu ya kazini nikapima tuta: inchi tano kamili. Nikapima tumbo la gari uani: inchi tano na nusu. Nikalisukuma hadi pale, likavuka bila kukwaruza, nikalisukuma kurudi, nikalala kwa amani. Jumapili tukapanda watu watatu: mimi kwenye usukani, binti yangu pembeni yangu, na shangazi yake kiti cha nyuma, ambacho kwa kweli ni cha kuwekea mkoba. Gari likapanda tuta kwa magurudumu ya mbele, kisha likakaa juu yake kama kuku anayeatamia. Ekzosi ilibaki pale. Milango haikufunguka. Dada yangu, mama mzima mwenye wajukuu, alitolewa kupitia dirishani. Mimi sikosei vipimo, nimeshona miaka ishirini na miwili. Kwa hiyo kati ya Jumamosi na Jumapili tuta liliongezeka, na naomba kamati ieleze limekuwa likilishwa nini.

3. Tuta limegeuzwa ukumbi wa burudani. Kinyozi wa kona sasa hufunga kazi kila anaposikia gari langu likiwashwa, akaja na kiti chake. Jumapili alikuja na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Yule mteja alicheka mpaka akashika nguzo, na mimi nasema mtu mwenye kichwa cha namna ile hana haki ya kumcheka mwenzake.

4. Tuta limeingia ndani ya familia yangu. Mke wangu na mdogo wake hawasemezani. Shemeji anaapa kwamba mimi ndiye niliyesema kata, kata, bado, kata. Watu wananishauri springi zirudishwe kimo chake. Ndugu Mwenyekiti, sisi mafundi cherehani tukifupisha suruali huacha pindo ndani, mtu akijuta tunalifungua. Shemeji hakuacha pindo. Vipande alivikata, akaviuza chuma chakavu siku hiyo hiyo, akaninunulia soda.

5. Na hili ndilo linaloniuma. Binti yangu anaolewa Jumamosi ijayo. Alipokuwa na miaka saba, siku moja alikuwa analia sana, nilimwahidi kwamba siku ya kuolewa atatoka nyumbani kwangu ndani ya gari jekundu la milango miwili. Sijawahi kumpa mtoto yule kitu kikubwa. Nguo zake zote zilikuwa za masalio ya wateja. Hili moja nataka nilitimize.

Kwa hiyo naomba tuta liondolewe kabla ya Jumamosi. Ikishindikana, lipewe likizo ya siku moja. Ikishindikana hilo nalo, na kwa kuwa tuta lenu limekataa kushuka, basi barabara yote ipandishwe inchi tano, pande zote mbili, pamoja na nyumba, ili tulingane nalo. Mimi niko tayari kuanza na geti langu.

Nisalimie katibu, mtunza hazina, na yule mjumbe anayelala vikaoni, akiamka. Nisalimie mama watoto. Kinyozi usimsalimie.

Wako mtiifu, ila si sana,
Fundi Cherehani,
nyumba yenye geti la kijani

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha kwenye droo ya uzi, nimekuta nakala ya barua yangu ya miaka kumi na minane iliyopita kwa kamati hii. Naomba ndani yake tuta lijengwe pale pale, haraka, liwe refu, hata magari yakikwaruza matumbo shauri yao. Nilikuwa nimemtuma mtoto uzi mweusi dukani, likapita gari jekundu la milango miwili kwa kasi, likaondoka na ndala yake moja. Alirudi analia, mguu mmoja peku. Ili anyamaze nikamwambia lile gari ni zuri, na siku moja nitampakia ndani ya la namna ile.

Binti amezisoma barua zote mbili. Mama yake naye ameniuliza kama wateja wangu huwa nawapima suruali wakiwa hawamo ndani. Basi imeamuliwa hivi: asubuhi nitalisukuma gari likiwa tupu hadi ng'ambo, kisha yeye atatoka nyumbani kwa miguu, tutalivuka tuta pamoja, nimemshika mkono.

Tuta lisiguswe. Ila mistari yake myeupe imefutika. Kama kamati ina rangi, naomba ipakwe kabla ya Jumamosi, kwa sababu watakuja wageni wengi na magari yao, na hawajui kwamba hapa kuna watoto wanaotumwa dukani.