Kituo cha Mafuta Kiitwacho Pasaka

Wananchi wote wa Mpanda na vitongoji vyake wanatangaziwa kwamba tatizo la mafuta ya magari limekwisha rasmi.

Ndivyo lilivyosema tangazo alilobandika Ndugu Cletus kwenye kila nguzo ya umeme kuanzia Shanwe hadi sokoni. Alilibandika kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa uji wa muhogo, maana gundi ya ofisi ilikuwa bado inasubiri sahihi. Kama tatizo lilikwisha kweli au bado, hilo si swali la kumuuliza mtu aliyeshinda juani kutwa nzima.

Cletus alikuwa Mkuu wa Kitengo cha Mafuta ya Vigari Rafiki wa Mazingira. Kitengo kilikuwa na watu wawili, yeye na karani wake Evaline, na kigari kimoja cha kijani ambacho fundi Telesphor alikifunga mfuko wa gesi juu ya paa, mkubwa kama godoro la wageni. Gesi yenyewe ilitokana na samadi ya ng'ombe. Kila asubuhi Telesphor alizoa samadi kutoka zizi la Mama Scola kule Magamba, akaimwaga kwenye mtambo uliochimbwa nyuma ya ofisi, ikachacha, gesi ikapanda kwenye mfuko, kigari kikatembea. Hakikutoa moshi na hakikunywa petroli. Kiliacha harufu kidogo tu, ambayo Cletus katika taarifa zake aliiita "utambulisho wa bidhaa".

Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku Cletus alipogundua kwamba hakuna kanuni. Jamani, kitu kinafanya kazi bila kanuni! Usingizi ulimpaa. Mgeni rasmi alikuwa anakuja Ijumaa kuzindua, Mratibu Mkuu mwenyewe kutoka makao makuu, na mtu wa aina ile ukimwonyesha gari linalotembea atakuuliza linatembea kwa mujibu wa nini. Cletus akajifungia ofisini siku mbili, akatoka na kurasa kumi na nne.

Evaline alizisoma zote. Mwanamke huyo alikuwa na tabia mbaya ya kusoma anachopiga chapa.

"Bosi," alisema, "kanuni ya tatu inasema kituo cha mafuta ni chochote kitoacho nishati ya kusogeza gari."

"Naam."

"Kwa hiyo ng'ombe ni kituo cha mafuta."

Cletus alivuta kurasa zake karibu. Hilo hakuwa amelifikiria, lakini mkubwa hakiri mbele ya karani. "Umeona eeh?" alisema.

Telesphor alijaribu kuokoa jahazi. "Bosi, kituo si ule mtambo? Ng'ombe ni... ng'ombe."

"Fundi, mtambo unatoa gesi bila ng'ombe?"

"Hautoi."

"Basi."

Jumatatu alfajiri Cletus alikuwa Magamba. Mama Scola, Msukuma ambaye familia yake ilihama kutoka kaskazini na mifugo yao, alikuwa anakamua maziwa ya wateja wake wa Shanwe. Cletus alimwamkia, "Mwangaluka, mama," na Scola akamtazama mikono kwanza, kwa sababu mtu wa ofisi akikusalimia kwa Kisukuma ujue mkononi ana fomu.

"Una vituo vingapi?"

"Vipi tena hivyo?"

"Ng'ombe."

"Wapo."

"Wapo wangapi?"

"Wapo tu, mwanangu. Kwetu sisi ng'ombe hawahesabiwi mbele ya mgeni."

Penye idadi ya vituo, Cletus aliandika: Wapo. Halafu kazi ikaanza. Kila ng'ombe alivishwa shingoni hati yake ya usajili ndani ya mfuko wa nailoni, akapangiwa ndoo yake ya mchanga wa kuzimia moto, akapakwa ubavuni kwa rangi nyekundu: USIVUTE SIGARA, ZIMA SIMU, ZIMA INJINI. Kwenye ubavu wa waliokonda lilitosha neno moja tu, ZIMA. Hati namba moja alipewa ng'ombe mweupe aitwaye Pasaka, aliyezaliwa siku ya sikukuu hiyo, na ambaye wiki mbili nyuma alikuwa amezaa ndama dume mzuri ajabu.

"Sasa," Cletus alisema, "kanuni ya tano. Kati ya kituo na kituo, mita mia mbili. Na kituo kisikaribie moto wala jiko, vilevile mita mia mbili."

Wakawapanga. Ng'ombe mmoja zizini, wa pili mita mia mbili mbele, wa tatu mia mbili tena, na ndugu na majirani wote wa Scola wakageuka wahudumu wa vituo. Foleni ilianzia Magamba ikaifuata barabara kuja mjini, na wa mwisho alifungwa karibu na parokia, akaanza kula maua ya padri.

Akabaki ndama.

"Huyu naye ni kituo kidogo," Cletus alisema. "Mita mia mbili kutoka kwa mama yake."

Scola aliweka ndoo ya maziwa chini. "Atanyonyaje, bwana afisa? Ana shingo ya mita mia mbili?"

Cletus si mtu mbaya. Alimtazama yule ndama na akamwonea huruma kabisa, huruma ya kweli. Lakini huruma haikuwa na namba ya kanuni. Scola aliposema basi atambebea maziwa kwenye chupa, ilibidi Cletus amkumbushe kwamba kubeba bidhaa ya kituo kwenye chupa ni marufuku nchi nzima.

Kuanzia siku hiyo Scola alimpelekea ndama maziwa ndani ya birika, na kila aliyemuuliza aliambiwa ni chai. Ndama hakuitaka chai hiyo. Alilamba kidogo, akageuza shingo upande aliko mama yake, akalia. Pasaka naye akajibu kule aliko, na maziwa yake yakaanza kupungua. Kufikia Alhamisi mbavu za ndama zilikuwa zinahesabika hata mbele ya mgeni, na Scola alikuwa ameacha kula.

Samadi nayo ilikuwa imetapakaa barabara nzima, kila kituo na yake. Telesphor alizunguka nayo mpaka ulimi ukamtoka, akarudi na nusu debe.

"Bosi, gesi hakuna. Mfuko umesinyaa."

"Uzinduzi ni kesho!" Cletus alishika kichwa. Kisha akili ikamjia, akaandika kibali maalum: ng'ombe wote wakusanyike mbele ya ofisi Shanwe Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kwa ajili ya picha na samadi. Ndama hakumo kwenye kibali, kwa kuwa hakuwa amefikisha kiwango cha uzalishaji. Huyo alifungwa kwenye lango la ukumbi wa parokia, mita mia mbili kamili kutoka ofisini; na kwa kuwa hakuzalisha, jiko la pale halikuhesabiwa.

Ijumaa Mratibu Mkuu aliwasili na shangingi jeusi, watu wakapiga vigelegele, ng'ombe wakalizunguka gari kulinusa. Alihutubia dakika hamsini, redio ikimrusha moja kwa moja. Alizisifu kanuni. Alisema angetamani makao makuu kungekuwa na vijana watatu tu wa aina ya Cletus.

"Na ninaagiza," alisema akipiga meza, "kanuni hizi zisivunjwe na mtu yeyote. Hata mimi mwenyewe!"

Cletus nusura machozi yamtoke kwa furaha. Kigari kikawashwa. Kilikohoa, kikasogea hatua mbili, kikajamba kwa mbali na kunyamaza. Makofi yakapigwa hata hivyo, ratiba ilisema makofi.

"Sasa tukale," Mratibu Mkuu akasema, kwa sababu harufu ya pilau ilikuwa inatoka ukumbi wa parokia, na mchele ulikuwa wa Majimoto, ule unaosifika. Akapanda shangingi. Dereva akashika ufunguo.

"Usiwashe!" Scola alipaza sauti. Akanyoosha kidole ubavuni kwa Pasaka, aliyesimama kando ya boneti. "Soma hapo, baba."

Dereva akasoma. ZIMA INJINI.

"Waondoeni hao ng'ombe," Mratibu Mkuu akasema.

Cletus alisogea dirishani kwa shangingi. "Mheshimiwa, kanuni ya tisa. Kituo hakihamishwi bila kibali. Kibali cha leo kinaisha saa kumi na mbili jioni. Kipya kinachukua siku ishirini na moja za kazi."

Kwenda kwenye chakula kwa miguu haikuwezekana, maana itifaki inamtaka mgeni rasmi afike kwa gari. Redio ilikuwa hewani, na Mratibu Mkuu aliisikia sauti yake mwenyewe masikioni: hata mimi mwenyewe. Likabaki jambo moja.

"Tusukume," Cletus alisema.

Wakasukuma. Cletus pamoja na msaidizi wa Mratibu, na wakubwa wengine waliokuja kula. Mwandishi wa redio alipotoa simu kupiga picha, Mratibu Mkuu naye akashuka, akarusha tai begani, akaegemeza kifua kwenye buti. Wananchi walishangilia mno. Shangingi likatembea taratibu, bila moshi, mpaka kwenye lango la ukumbi, na wote wakasimama wakitweta kama mafahali wa kukokota plau.

"Karibu mezani, mheshimiwa," mpishi alisema.

"Samahani," alisema Evaline. Alikuwa amewafuata na kurasa zake kumi na nne. "Hili gari limesogea kwa nishati ya nani?"

Scola ndiye aliyeelewa kwanza, akashika kiuno.

"Ya hawa hapa! Si walitoa nguvu, gari likasogea? Basi na nyie ni vituo!"

Mratibu Mkuu akamgeukia Cletus. "Hebu mwambie huyu mama."

Maskini Cletus! Angeweza kudanganya. Lakini alizipenda kanuni zake kama mtu anavyowapenda wanawe, na ya tatu alikuwa anaikumbuka neno kwa neno. "Ni kweli, mheshimiwa," alisema kwa sauti ndogo. "Ni vituo. Na... kituo na jiko, mita mia mbili."

Pilau likafunuliwa. Mvuke ukapanda, na tumbo la Mratibu Mkuu likanguruma hewani.

"Ifutwe!" alisema. "Hiyo ya mita mia mbili, ifutwe sasa hivi! Niandikie nisaini."

Evaline aliandika mistari miwili juu ya boneti. Mratibu Mkuu akasaini bila kusoma, kwa kasi ambayo ofisi zetu haziijui, na msaidizi wake akagonga muhuri. Evaline akasoma kwa sauti, redio ikisikia:

"Kuanzia sasa, kanuni ya mita mia mbili haitavihusu vituo vyenye mkia."

Scola hakungoja nukta. Alimfungua ndama, na ndama alikimbia barabarani na miguu yake ile myembamba, akapita katikati ya wakubwa, akazama chini ya Pasaka kule mbele ya ofisi. Alinyonya huku akimpiga mama yake vichwa, mkia ukizunguka. Scola alilia waziwazi, hakujali redio.

Mratibu Mkuu alipiga hatua kuelekea mezani.

"Mheshimiwa, samahani," Evaline alisema kwa adabu zote. "Una mkia?"

Waliokula pilau siku hiyo ni Scola, Evaline, Telesphor, mpishi na umati uliokuja kutazama, na walisema mchele ulikuwa mzuri. Wakubwa walipangwa barabarani kuelekea stesheni, kila mmoja na ndoo yake ya mchanga. Cletus aliikalia ndoo yake akaandika taarifa: gari kubwa la makao makuu limetembea mita mia mbili bila tone la dizeli, uzinduzi umefana.

Alipomaliza alimpungia Evaline mkono kwa mbali, akaomba asogezwe kidogo tu, afike kwenye sahani. Evaline alimpelekea fomu.