Pepo Aliyeomba Kazi ya Meli

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya mtaa mzima, tena kwa Kiingereza.

Mnanijua. Skuli niliiacha mapema (skuli nayo haikulia). Nimechoma chokaa Bwejuu, nimepasua kuni Jozani, kisiwa chote nshakichoka. Juzi nikasikia ofisi moja ya meli, pale karibu na forodha, inatafuta mtumishi wa kuhudumia abiria. Mombasa! Bombay! Jana nikaenda. Karani wao, Bwana Suleiman, akanitazama kutoka kofia mpaka makubadhi.

"Kiingereza unajua?"

"Sana."

(Nina kitabu cha sarufi nilichonunua Darajani. Kurasa za mwanzo tu. Zilizobaki muuzaji alishazifungia njugu.)

"Njoo kesho baada ya adhuhuri, nikutahini."

Basi leo tangu alfajiri nimejifungia chumbani. Kitabu kinaagiza: soma kwa sauti, uliza, kisha jibu. Mimi mtu mtiifu. Nikauliza kwa sauti nene ya bwana mkubwa, nikajibu kwa sauti nyembamba ya mtumishi: jina langu, sifa zangu, na kazi ninayoiomba. I go, you go, he goes. Kila nilipokosea nikajipiga kofi. Nikarudia, nikajipiga jingine. Elimu ilikuwa inaingia vizuri mno.

Sikujua kwamba Bi Mwanaidi, mwenye nyumba, ameweka sikio mlangoni. Mtu mmoja, sauti mbili, lugha haieleweki, na makofi juu yake. Mngefikiri nini? Yeye alifikiri pepo wa Kizungu.

Mlango ukasukumwa. Wakaingia wanawake wa jirani, chetezo kinafuka ubani, na fundi wa kupunga pepo ambaye, kwa bahati yangu njema, anakaa nyumba ya pili. Nikakalishwa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikafunikwa shuka gubigubi.

"Bi Mwanaidi, mimi mzima! Nnasoma!"

"Anajificha huyo," fundi akasema. "Pepo wa Kizungu wajanja. Hatoki mtu humu mpaka aseme anataka nini."

"Na akisema, nani atamfahamu?" Bi Mwanaidi akauliza.

"Kaitwe mtu ajuaye Kiingereza."

Adhuhuri inakaribia, na mimi nimo ndani ya shuka nalia kwa moshi. Nikaamua (akili zangu hizi!) nitamke Kiingereza kidogo, pepo aonekane ameridhika, nifunuliwe, nikimbilie mtihani wangu.

Mara nikasikia mtu anabisha hodi, akakohoa. Sauti ile naijua. Bwana Suleiman! Kumbe anakaa uchochoro wa nyuma.

Nikajipa moyo. Yeye nje, mimi ndani ya shuka, atanijuaje? Akaniuliza jina langu kwa Kiingereza. Jamani, mimi jibu nililonalo ni moja tu, lile la tangu alfajiri. Likatoka lenyewe, kichwa mpaka mkia, bila kosa hata moja.

"Anasema," Bwana Suleiman akafasiri taratibu, "jina lake Makame Haji."

"We! Pepo ana jina la mpangaji wangu?"

"Anasema halewi. Anaamka mapema. Anajua kupiga pasi."

"Pepo wa watu wa heshima," fundi akasema.

"Na anasema..." Bwana Suleiman akaisogelea shuka. "Anaomba kazi ya meli."

Shuka ikafunuliwa. Tukatazamana.

"Shikamoo," nikasema. (Ningesema nini tena?)

"Marahaba. Adhuhuri usijisumbue kuja. Mtihani nshakutahini."

"Nimefaulu?"

"Kiingereza umefaulu. Lakini abiria wangu wakikusikia unajiuliza na kujijibu katikati ya bahari, watajitupa majini."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Wanawake wakashika mbavu. Fundi, aliyeniweka mimi juu ya mbuzi, ndiye aliyecheka zaidi.

Bi Mwanaidi peke yake hakucheka. Sasa hivi ameniletea chai ya maziwa na sahani ya biskuti.

"Ya mgeni wako wa Kizungu," ananiambia. "Ale, kisha ashike njia yake."

Nimekula zote. Kazi sina, meli sina, mgeni ameshiba.

Atakayecheka, tafadhali acheke kwa Kiswahili. Kile kingine kimepigwa marufuku nyumba hii.