Wosia Wangu, Shahidi Masatu

Jumapili, 4 Mei

Leo nimekufa kidogo. Kanisani, katikati ya mahubiri, kifua kikabana. Nikamnong'oneza mke wangu Gaudensia kwamba safari imeiva. Akasema imeiva ya chooni, maana jana nilimaliza makande peke yangu. Alikuwa sahihi. Lakini huko huko chooni nikapata wazo zito.

Nikifa, Gaudensia atabaki kwenye chumba hiki cha kupanga hapa Nyasho. Inaniuma, sifichi. Kiwanja cha Kigera kipo, ila kina kesi baraza la ardhi: mimi na Masatu, mtoto wa baba yangu mdogo. Baba zetu walikinunua pamoja, wakafariki bila kuandika hata mstari. Masatu anadai kiwanja chote ni cha baba yake. Muongo mkubwa! Baba yake alichangia baiskeli, tena haina breki.

Dawa ni wosia. Nikishamwandikia Gaudensia, kiwanja kimetoka mikononi mwangu. Masatu atamshitaki nani? Sijui mawakili wanasomeaga nini.

Jumatatu, 5 Mei

Bunda. Kwa nini Bunda? Kwa sababu Musoma ukipiga chafya Nyasho, Masatu anakupa pole akiwa Kigera. Karibu na stendi yupo Luqmani, mchapaji wa nyaraka. Ana kompyuta, mwavuli, na sauti ya hakimu.

Akanisikiliza amefumba macho. Akasema wosia unataka mashahidi wawili wanaojua kusoma, mmoja wa ukoo, mmoja wa nje. Na shahidi harithi! Akishasaini, hapati hata kijiko kwenye wosia ule. Kuhusu kesi, akashauri niandike tu kwamba namwachia mke wangu haki yoyote nitakayopewa na baraza. Nisiandike kama mtu aliyeshinda.

Nikamwambia aandike kama mtu aliyeshinda.

Akashusha pumzi, akasema basi kwa watu wa aina yangu ana kifungu maalumu: "Shahidi wa ukoo anakiri kwamba kiwanja hiki ni mali halali ya mwandishi wa wosia." Nilitaka kumkumbatia! Akasema kifungu hicho siku hizi kinapendwa sana. Sikumwuliza na nani. Watu wana shida nyingi.

Jumatano, 7 Mei

Butiama, kwa baba mkubwa Eliud, awe shahidi wa ukoo. Hayupo! Mama mkubwa akasema mzee amesikia dhahabu imeonekana, amekwenda Buhemba. Na mgongo ule! "Jembe alikuwaga ananiachia mimi," akasema, "leo anapasua mawe." Akanishauri nisubiri atajirike.

Nikapiga hesabu ya ukoo. Mashangazi wako mbali, mwanangu Gody yuko Mwanza, hapokei simu. Msomi wa ukoo aliyebaki Musoma, ukinitoa mimi, ni mmoja tu. Masatu.

Nilisononeka mpaka njia panda. Halafu nikacheka peke yangu, mama mmoja akahamisha kikapu chake. Masatu asaini! Akisaini, harithi. Akisaini, amekiri. Anajifunga kamba kwa mkono wake mwenyewe. Alfonce, wewe ni hatari.

Ijumaa, 9 Mei

Ushindi!

Shahidi wa nje nimempata asubuhi: Hamduni, mwenye nyumba wetu, amesainia mlangoni huku anapiga mswaki. Mchana nikaenda kwa Masatu na kichwa cha sangara. Akanipokea vizuri. Vizuri mno. Mkewe, Marcelina, akapika supu, tukala sahani moja kama zamani. Utotoni tulikuwaga tunapigana kwa ajili ya jicho la samaki. Leo Masatu ameniachia. Nilishuku, lakini nikalila.

Nikamwambia kesi ni kesi, ukoo ni ukoo, nisainie wosia wangu. Karatasi nilishaikunja mapema, imebaki sehemu ya saini tu. Wosia ni siri ya mtu, nikamweleza. Akasaini bila swali hata moja! Nilimwonea huruma.

Akaingia chumbani, akarudi na karatasi. Kumbe naye ameandika wosia, naye baba mkubwa Eliud kamkosa. Yake imekunjwa vilevile. "Na mimi nisainie, kaka. Siri ya mtu hiyo." Ningekataaje? Nikasaini kwa mbwembwe, na mkia nikauchora. Mtu niliyemmaliza hivi ana nini cha kurithisha? Labda ile baiskeli.

Nimerudi Nyasho naimba. Gaudensia kauliza nimekunywa nini. Supu, nikasema.

Jumanne, 13 Mei

Sijui nianzie wapi.

Barazani nikasimama, nikatoa wosia kama kielelezo. Masatu akasimama, akatoa wa kwake. Mwenyekiti, mama mmoja mpole, akasoma wangu. Akasoma wa Masatu. Akarudia wangu. Akavua miwani.

Akasema Masatu amekiri kiwanja ni cha Alfonce. Alfonce naye amekiri ni cha Masatu. Maneno ni yaleyale, koma ni zilezile. Akauliza nani katuchapia. Tukajibu kwa pamoja: "Luqmani, Bunda." Baraza zima likaangua kicheko, mpaka askari wa mlangoni.

Akatueleza taratibu, kama watoto. Wosia unafanya kazi mtu akishakufa, na sisi tunaonekana wazima mno. Tena huwezi kurithisha zaidi ya ulichonacho. Nani mwenye kiwanja, baraza ndilo litakaloamua, si Luqmani.

Nyuma kabisa Gaudensia akanyoosha mkono. Nilitamani sakafu ipasuke. Akasema yeye na Marcelina wanalima mihogo pale Kigera miaka yote. Walipanda mkonge katikati, kila mtu na upande wake. "Sisi tulishagawanaga, mheshimiwa. Hawa wazee tuliwaachia kesi kwa sababu inawatoa nyumbani."

Nikamtazama Masatu. Naye alikuwa anatazama viatu vyake. Mwenyekiti akauliza kama tutapatana. Nikamfikiria Gaudensia na chumba cha kupanga. Nikasema ndiyo kabla Masatu hajasema. Akadai yeye ndiye aliyesema kwanza.

Jumatano, 14 Mei

Hati ya mapatano imesainiwa. Safari hii karatasi ilikuwa wazi yote. Mkonge ndio mpaka, kesi imekwisha. Gaudensia alikwenda kusimama kwenye upande wetu, akavua kandambili, akakanyaga udongo. Akanionyesha mlango utakapokaa. Nilifurahi mpaka macho yakaniuma. Nikasingizia vumbi.

Nimeapa: sitakanyaga baraza tena maisha yangu yote.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda kukagua. Mkonge wa mwisho, ule wa barabarani, umeinamia upande wangu! Jumatano ulikuwa wima, naapa. Masatu anasema mkonge unaotaka kuinama hauombi ruhusa. Nikamwambia tutaonana barazani. Akasema sawa, tutaonana, lakini niingie kwanza, Marcelina ameshasonga ugali.

Kwa hiyo Jumatatu nafungua kesi. Ila mtu mwenye akili anajihadhari mapema. Kile kipande chini ya mkonge nimeshamwandikia Gaudensia kwenye wosia mpya. Kifungu nimekitunga mwenyewe, simwamini tena Luqmani. Kimebaki kitu kimoja tu, shahidi wa ukoo, na baba mkubwa bado yuko Buhemba.

Nimempigia Masatu. Anasema nije kesho baada ya ibada na kichwa cha sangara, naye ana kikaratasi chake anataka nimsainie. Maskini, hajifunzi! Wangu nimeshaukunja, tena safari hii mara mbili.