Doa la Sebuleni na Bafu la Baluku

Jumatatu, 7 Aprili
Doa limerudi. Sebuleni, nyuma ya makochi, pale pale! Nimelipaka rangi mara mbili tangu Krismasi, na rangi imebanduka mara mbili. Leo limepita ukubwa wa sinia.

Mke wangu Bulandina yuko Hima kwa dada yake tangu Ijumaa. Kifua chake hakipatani na ukungu wa ukutani. Amesema kwa simu kwamba atakuja Pasaka, na akikuta ukuta umelowa atarudi Hima kwa boda ile ile. Siku kumi na tatu! Nimepika bundu, ugali wetu wa muhogo, mwenyewe. Kuku wameikataa.

Jambo moja jema: mvua. Mtaro niliouchimba nyuma ya sebule umejaa pomoni. Paa zima linamwagia humo, na migomba yangu inakunywa bure. Mwaka huu mkungu wangu utaushinda wa jirani Baluku.

Jumanne, 8 Aprili
Nimegundua! Ni jirani yangu Baluku. Bafu lake liko juu yangu kilimani. Akioga, ukuta wangu unalowa. Nilimweleza kwa upole. Alijibu kwamba alikuwa akioga hapo kabla mimi sijaweka msingi. Hilo si jibu.

Alhamisi, 10 Aprili
Ushahidi ndio dawa ya mtu mbishi. Nimenunua buluu ya kufulia, pakiti sita. Baluku alipokwenda mazoezi ya kwaya nilikoroga zote ndooni, nikamwaga bafuni kwake. Kesho ukuta wangu utatoka buluu, na aibu itakuwa yake. Nimefurahi mno.

Ijumaa, 11 Aprili
Ukuta: kahawia.

Jumapili, 13 Aprili
Jumapili ya Matawi. Kumbe bafuni mlikuwa na beseni, na ndani ya beseni kanzu nyeupe ya kwaya. Baluku aliimba akiwa buluu kuanzia kiunoni kwenda chini. Padri alimtazama sana. Mimi nilitazama tawi langu.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimemwita Christophe, fundi mwashi kutoka Butembo. Hakugusa hata mwiko. Alibandika nailoni juu ya doa, akaziba kingo zote kwa gundi. Alieleza kwamba jasho likishika juu ya nailoni, ni mvuke wa humu ndani. Likishika chini yake, maji yanatoka ukutani. Nilimdokeza mara tatu kuhusu bafu la Baluku.

Jumanne, 15 Aprili
Jasho limeshika chini. Nikashangilia: Baluku! Christophe akazunguka nyuma ya nyumba. Aliutazama mtaro wangu kwa muda mrefu, akavua kofia.

“Papa Maate,” akasema, “ukuta yako haiko na ugonjwa. Ni weye uko unainywesha.”

Niliumia. Mtaro ule nimeuchimba kwa mikono yangu, hatua moja tu kutoka ukutani, ili maji ya paa yasipotee. Lakini Bulandina ni Bulandina. Tumeufukia, tukaelekeza maji ya paa bondeni. Migomba ilinitazama vibaya.

Ijumaa, 18 Aprili
Mvua kubwa jana. Nimepapasa ukuta tangu alfajiri. Doa halikukua! Linafifia. Nimewasha sigiri ya makaa karibu nalo na kufungua madirisha yote.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka! Bulandina ameshuka kwenye boda, akamwambia dereva angoje. Aliingia moja kwa moja hadi nyuma ya makochi, akaweka kiganja, kisha shavu. Pakavu. Akamwambia dereva aende. Amepika bundu na samaki wa Kasenyi. Nilikula hadi machozi yakanitoka, nami nikasingizia pilipili. Amenifanya niape kwamba sitachimba tena pale. Nimeapa kwa moyo wote.

Jumatatu, 21 Aprili
Kiapo ni kiapo. Pale sichimbi tena kamwe.

Lakini migomba imeanza kunyauka, na mkungu wa Baluku unazidi kunenepa. Kwa hiyo leo, Bulandina akiwa sokoni, nimechimba mtaro mpya nyuma ya chumba cha kulala. Ukuta wa huko haujawahi kulowa hata siku moja.

Nimeshamwonya Baluku. Ukilowa, nitajua ni nani.